Madaftari ya Bwana Rula

Mjomba wangu alipewa kazi ya kusoma maji kwa wiki mbili tu. Aliyekuwa akiyasoma kabla yake alivunjika mguu, na idara ikahitaji mtu wa kumshikia nafasi mpaka apone. Yule bwana akapona, akapata kazi kwingine, akaoa, akahama, na mjomba akawa bado anasoma. Wiki zile mbili zilikuwa zimeingia mwaka wa kumi na tisa nilipomwaibisha mbele ya watu.

Kazi yenyewe haina maelezo mengi. Mwisho wa gati la ghuba yetu kuna ubao mrefu uliopigiliwa kwenye nguzo, umechorwa mistari na namba kama rula ya mwanafunzi, ila huu una mita nne. Maji yakijaa mpaka yakasimama, msomaji anaangalia yamefika mstari gani, anatazama saa, anaandika. Yakipwa mpaka yakasimama, anaandika tena. Ni mara mbili kwa siku, kukiwa na mwanga. Kwa sababu ya ubao huo watu wa gatini walimwita Bwana Rula. Hata mkubwa wake wa ghalani, alikokuwa karani, aliwahi kusahau jina lake halisi akaandika Rula kwenye orodha ya likizo.

Ugumu uko kwenye kujua kwamba maji yamesimama. Ukiyatazama kwa macho tu yanakudanganya. Mjomba alikuwa na njia yake. Kila asubuhi alipitia kwa fundi seremala akachota maranda, yale mepesi yanayojikunja yakitoka kwenye mbao, akayatia kwenye mfuko wa shati. Akifika mwisho wa gati anadondosha moja. Likisogea kuelekea ndani, maji bado yanaingia. Likielekea nje, umechelewa. Likikaa palepale linazunguka kama mtu aliyesahau alichokuwa anakwenda kukifanya, mjomba anasema, "Sasa," peke yake, na kutazama saa.

Saa yake ya mkononi aliirekebisha kila siku kwa redio, taarifa ya habari ya saa saba mchana. Ikichelewa sekunde tano aliinung'unikia. Mkaza mjomba alikuwa akilalamika kwamba amewekewa mke mwenza. "Mimi ananiuliza hali mara moja kwa wiki," alisema. "Mwenzangu anaulizwa kila siku, tena kwa upole." Siku ya harusi ya binti yao, mjomba alitoweka ukumbini wakati wa kupiga picha, akarudi na suti mpya yenye matope mpaka magotini. Kwenye picha za familia hayumo. Yumo kwenye daftari: *4.25 asb, 3.02*. Maana yake ni saa nne na dakika ishirini na tano asubuhi, mita tatu na sentimita mbili.

Kwa miaka mingi hakuna aliyeyahitaji madaftari hayo. Idara ilipokea nakala kila mwezi, nadhani ikaziweka kwenye kabati. Kisha likaja suala la mfereji.

Ghuba yetu ina mlango mmoja mwembamba, na kati ya ghuba na bahari kuna ulimi mrefu wa mchanga. Boti zikitaka kutoka zinauzunguka ulimi wote, na maji yakipwa mlangoni hapapitiki, zinasubiri. Wenye boti walitaka ulimi ukatwe katikati, upite mfereji mpya. Aliyewaongoza alikuwa mwanamke mwenye kiwanda cha barafu, nasi tulimwita Mama Barafu, ingawa hana ubaridi wowote. "Kutoka baharini mpaka kwangu ni kutupa jiwe," alisema kwenye kikao cha kwanza. "Lakini kwa mzunguko huo samaki wananifikia wamestaafu."

Waliopinga walikuwa watu wa bondeni, nyuma ya gati, ambako nyumba ziko chini karibu sawa na maji. Huko ndiko anakoishi mjomba. Jirani yake, mama mmoja mwenye bustani ya miche, ndiye aliyekuwa na sauti. "Mkifungua mlango wa pili," alisema, "siku za bamvua, maji yakijaa kupita kawaida, bahari itakuja kukaa sebuleni kwangu."

"Utaikaribisha," Mama Barafu akamjibu. "Si wewe mkarimu?"

"Nitaileta kwako. Wewe ndiye uliyeialika."

Hata katika utani huo, swali lilikuwa moja. Bahari ikijaa kabisa, je, ghuba nayo hujaa mpaka kiwango kilekile, au ule mlango mwembamba huyazuia maji yasifike juu hivyo? Kama viwango ni sawa, mfereji hautabadilisha kitu bondeni. Kama ghuba hubaki chini ya bahari, mfereji utayaleta maji yote yaliyokuwa yanazuiwa. Vipimo vya bahari vilikuwepo, vya bandarini. Vya ndani ya ghuba alikuwa navyo mtu mmoja tu.

Wahandisi walioajiriwa kuchunguza jambo hilo waliomba miaka mitatu ya mwisho iingizwe kwenye kompyuta. Kamati ya ghuba ikanipa mimi kazi hiyo, pamoja na ya kuandika muhtasari wa vikao. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, shahada ya fasihi, niko nyumbani nikisubiri ajira, na mtaa mzima ulinijua kama binti anayesoma huku anatembea. Niliwahi kugonga nguzo ya umeme nikaiomba radhi.

Mjomba alileta madaftari sita kwenye mfuko wa turubai, kila moja limefunikwa kwa karatasi ya kalenda ya zamani.

"Usiyalowanishe," alisema. "Na usiyakunje pembe."

"Mjomba, mimi nikunje kitabu?"

"Ndiyo maana nakwambia. Nimeviona vitabu vyako."

Akasimama mlangoni kwa muda. Nadhani alitaka kusema kitu kuhusu jinsi alivyofurahi, maana alivuta pumzi mara mbili. Akasema, "Basi, kazi njema," akaondoka.

Wahandisi walikuwa wametuma jedwali lenye safu tatu: tarehe, saa, kiwango. Niliandika *4.25 asb*, safu ya saa ikageuka nyekundu. Nikafuta *asb*, ikakubali. Nikaenda hivyo, mstari baada ya mstari, zaidi ya mistari elfu mbili, kwa siku tisa.

Hapa ndipo ningependa kusema sikujua. Nilijua. Nilijua siku ya kwanza kabisa, mstari wa kwanza, kwamba mashine inahesabu saa kuanzia katikati ya usiku kama simu zetu zinavyofanya, na kwamba saa nne ya mjomba, saa nne ya asubuhi ya watu wote ninaowafahamu, mashine itaisoma kuwa ni alfajiri hata jogoo hajaamka. Kila saa ilitakiwa isogezwe mbele saa sita. Nikajiambia nitaisogeza safu yote kwa pamoja mwishoni, au walau nitaandika maelezo chini ya jedwali. Siku ya tisa nilimaliza mstari wa mwisho jioni. Kulikuwa na riwaya niliyoazima, imebaki kurasa thelathini, na mwenyewe alikuwa anaitaka. Nikatuma jedwali kama lilivyo, nikajinyoosha kitandani na riwaya yangu. Sikumbuki hata iliishaje.

Kikao cha pili kilifanyika kwenye ukumbi wa shule. Feni ya darini ilikuwa ikilia kila inapozunguka, na viti vya plastiki havikutosha, watu wengine wakakaa madirishani. Mimi nilikuwa kwenye meza ndogo mbele, pembeni ya mwenyekiti, na karatasi zangu za muhtasari. Mjomba alikaa safu ya pili. Alikuwa amenyoa ndevu.

Mhandisi alikuwa kijana mstaarabu mwenye shati jeupe. Alitundika shuka ukutani akaonyesha picha ya mistari miwili. Wa bluu ulikuwa wa bahari, unapanda na kushuka. Wa rangi nyekundu ulikuwa wa ghuba, nao unapanda na kushuka, lakini bluu ikipanda, nyekundu ilishuka.

"Michoro imetengenezwa makao makuu, mimi nimepewa kuiwasilisha tu," alisema. "Kwa mujibu wa kumbukumbu za hapa, bahari ikijaa, ghuba inapwa. Na bahari ikipwa, ghuba inajaa."

Watu wakalifikiria. Kisha mtu mmoja dirishani akasema, "Yamegombana! Maji ya huku hayasalimiani na ya kule!"

Ukumbi ukavunjika kwa kicheko.

"Bwana Rula," Mama Barafu aliita, akijifuta machozi, "hebu sema kweli, ulikuwa unapima ghuba au ulikuwa unapima chai nyumbani kwako?"

"Tusimlaumu mzee," mhandisi akasema, na upole wake ulikuwa mbaya kuliko kicheko. "Kusoma kila siku ni kazi ngumu. Wengine huwa wanakuja kujaza baadaye kwa kukisia. Kumbukumbu hizi itabidi tuziweke kando. Tutachukulia kwamba ghuba na bahari ziko sawa, na kama ziko sawa, mfereji hauna madhara bondeni."

Mjomba akasimama. Alishika mgongo wa kiti cha mbele yake, na aliyekaa pale akageuka kumtazama.

"Mimi niliandika nilichokiona," alisema. Akaitazama saa yake, kama mtu anayemtafuta shahidi wake. Kisha akasema, kwa sauti ndogo, "Labda ni macho. Labda nimekosea. Sijui." Akakaa.

Mimi nilikuwa nimeshaona. Mistari ile miwili ilipishana karibu saa sita, na niliitambua kama mtu anavyoutambua mwandiko wake. Katika miaka yote ya chuo sikuwahi kunyoosha mkono darasani hata mara moja. Nilikuwa nikimfuata mwalimu nje na kumwuliza swali langu kwenye ngazi. Nikajiambia kikao kikiisha nitamfuata mhandisi nje. Wakati najiambia hivyo, mkono wangu ulikuwa unaandika: *Mpimaji alikiri kwamba huenda kumbukumbu zake zina kasoro.* Ni sentensi safi. Haina kosa la sarufi. Kikao kilipoisha mhandisi alizungukwa na wenye boti, nami nikakusanya karatasi zangu nikaenda nyumbani.

Mtaani Bwana Rula akageuka kuwa Mtunzi. Hata kwa fundi seremala, alikochota maranda miaka yote, walimkaribisha kwa, "Mtunzi, leo umetuletea hadithi gani?" Yeye alicheka nao. Mjomba si mtu wa kununa. Lakini gatini alianza kusoma mara mbili. Alisoma, akapiga hatua kumi, akarudi, akasoma tena.

Siku nne baada ya kikao aliniomba nimsindikize. Ilikuwa asubuhi ya jua kali, ghuba imejaa na kutulia. Akadondosha randa lake, tukaliangalia wote wawili mpaka likasimama.

"Una macho ya ujana," alisema. "Nisomee."

"Mita mbili na sentimita sitini na nane."

"Una hakika?"

"Nina hakika, mjomba."

"Hata mimi naona sitini na nane." Hakufurahi. "Na saa?"

"Saa tatu na dakika arobaini."

Akanigeuzia mkono wake nione saa yake. Tatu na arobaini. "Sasa, mwanangu, wewe umesoma," alisema. "Kosa liko wapi?"

Alikuwa ananiuliza kweli. Alinitazama kama mtu anayemtazama daktari. Tulikuwa wawili tu pale mwisho wa gati, hapakuwa na ukumbi wala mwenyekiti, hata samaki hawakuwa wakitusikiliza.

"Labda ni mashine yao," nikasema.

Akatikisa kichwa. "Mashine haina sababu ya kunisingizia."

Wiki iliyofuata nilikwenda kwao, nikamkuta mkaza mjomba anachambua mchele ukumbini, peke yake. Akanimiminia chai.

"Mjomba wako alikwenda hospitali ya macho," alisema. "Juzi. Wamempima na mashine zote, wakamwambia macho ni mazima kwa umri wake. Karudi mnyonge kuliko alivyokwenda. Umewahi kuona mtu anasikitika kwa kuambiwa haumwi?"

"Kwa nini anasikitika?"

"Kama si macho ni nini?" Akajigusa kichwa kwa kidole chenye unga wa mchele. "Jana kaniuliza kama siku hizi anarudia maneno. Kaniuliza kama huwa anasahau majina ya watoto. Nikamwambia wewe ulikuwa unasahau majina ya watoto tangu wanazaliwa. Hakucheka."

Nilimaliza chai yangu. Nilisema imekuwa tamu.

Kesho yake nikaenda ofisini kwa mhandisi. Si kwa mjomba, kwa mhandisi. Ofisi yake ilikuwa kontena lililowekwa madirisha na kiyoyozi, karibu na kiwanda cha barafu. Nilimweleza nikiwa nimesimama, nikiitazama kalenda yake ya mezani. Alinisikiliza, akafungua jedwali, akabofya mara tatu au nne. Mstari wa ghuba ukateleza pembeni na kukaa chini ya ule wa bahari, ukiufuata kama mtoto anavyomfuata mama yake sokoni, nyuma kwa nusu saa, chini kwa sentimita arobaini.

Mhandisi akapiga mluzi. "Aisee. Nami nilivyoambiwa ni takataka, sikuangalia mara mbili." Akabofya tena, mwezi baada ya mwezi. "Huyu mzee ni mashine. Sijawahi kuona kumbukumbu safi namna hii. Unaelewa maana yake? Tukikata pale walipopanga, bondeni maji yanaingia ndani. Lazima tuanze upya."

"Samahani sana," nikasema.

"Ah, hutokea. Tutaweka kwenye kiambatisho kwamba takwimu zimesahihishwa. Hakuna haja ya kumtaja mtu wala kukuaibisha."

Nilimshukuru. Nilitoka kwenye kontena lile nikiwa na furaha. Bondeni kumepona, nilifikiri, na hakuna aliyejua. Katika yote niliyoyafanya, furaha ile ya kutoka kwa mhandisi ndiyo inayoniaibisha zaidi, maana nilikuwa nimemwacha mjomba palepale, na sikugundua kwamba nimemwacha.

Barua ya idara ikaja mwisho wa wiki hiyo. Mjomba aliniita nimsomee, ingawa anajua kusoma vizuri. Alikuwa haamini tena anachokisoma. Tulikaa kwenye meza yao ya chakula, na nyuma yake rafu yenye madaftari yote. Barua ilisema kwamba, kwa kurejea muhtasari wa kikao, ambapo mpimaji mwenyewe alikiri kuwa huenda kumbukumbu zake zina kasoro, anaombwa kukabidhi ufunguo wa geti la gati na madaftari yote ifikapo mwisho wa mwezi. Idara inamshukuru.

"Hiyo sentensi ya kukiri," alisema. "Nani aliiandika?"

"Mimi, mjomba."

Nilidhani ameshajua. Nilishika ukingo wa meza.

"Umeiandika vizuri," alisema. "Ndivyo nilivyosema."

Ningeweza kumwambia hapo. Mkaza mjomba alikuwa jikoni, mlango uko wazi, maji ya kuosha vyombo yanasikika. Nilifungua mdomo, nikauliza kama ana bahasha ya kuitunzia barua.

Kikao cha tatu kilianza kama vikao vyote vinavyoanza: kuthibitisha muhtasari wa kikao kilichopita. Mwandishi anausoma wote kwa sauti, kisha mwenyekiti anauliza kama kuna masahihisho. Sikuwa nimepanga chochote. Nilisimama na karatasi zangu, nikasoma.

"Sauti!" wakapiga kelele nyuma.

"Binti, unasoma au unasali?" Mama Barafu akauliza.

Nikaongeza sauti. Nikasoma waliohudhuria, waliotoa udhuru, maelezo ya mhandisi. Nikafika pale. *Mpimaji alikiri.* Sauti yangu mwenyewe ikanisomea sentensi yangu mwenyewe mbele yake, na yeye akaitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu anayekubali hukumu kwa mara ya pili. Nikamaliza ukurasa. Mwenyekiti akauliza, "Kuna masahihisho?"

Feni ikalia.

"Yapo," nikasema. "Kulitokea hitilafu katika uingizaji wa takwimu."

Mama Barafu alikuwa ameshachoka na ukumbi wenye joto. "Ilitokea?" alisema. "Ilitokea wapi, mwanangu? Ilishuka kwenye basi?"

Watu wakacheka. Mhandisi akainuka nusu. "Mwenyekiti, suala hilo limeshashughulikiwa, liko kwenye kiambatisho cha..."

"Mwache aseme," mwenyekiti akasema.

"Haikutokea," nikasema. "Ni mimi. Madaftari yaliandika saa nne asubuhi, mimi nikaandika nne tupu. Mashine ikaisoma kuwa ni saa kumi ya alfajiri. Kila mstari niliurudisha nyuma kwa saa sita. Ndiyo maana ghuba ilionekana inapwa wakati inajaa."

Nilisikia watu wakihesabu kwa midomo. Mama wa miche ndiye aliyemaliza wa kwanza. "Kwa hiyo mzee alikuwa sawa?"

"Alikuwa sawa siku zote. Mstari kwa mstari."

Nikamtazama mjomba. Mabega yake yalishuka kama mtu aliyetua mzigo, na kwa muda mfupi uso wake ukawa wa zamani, ule wa gatini. Kisha akanigeukia, na niliiona raha ile ikiondoka.

"Ulijua lini?" aliuliza.

Ukumbi wote ulikuwa unasikiliza. "Siku ileile, mjomba. Ulipokuwa umesimama."

"Na gatini? Nilipokuuliza?"

"Nilijua."

Hakuna aliyecheka. Mjomba akashika tena mgongo wa kiti cha mbele yake, akasimama, akamgeukia mwenyekiti, si mimi. "Naomba ile sentensi ifutwe. Iandikwe: mpimaji aliandika alichokiona. Basi, hiyo tu."

"Nani anaunga mkono?"

Mama Barafu alikuwa wa kwanza kuinua mkono. "Naunga mkono. Na mimi mniandike humo kwamba nilimcheka. Ile ya chai nilisema mimi." Akashusha mkono. "Lakini mfereji bado nautaka. Watafute pa kuukata."

Nikaandika yote. Mwandiko wangu kwenye ukurasa ule hausomeki vizuri, lakini haujafutwa.

Idara iliandika barua nyingine, fupi kuliko ya kwanza, ikasema ufunguo abaki nao. Kamati nayo iliamua kwamba suala la mfereji lisiamuliwe mpaka madaftari ya miaka yote kumi na tisa yaingizwe, kwa sababu mhandisi anataka kuona bamvua kubwa za zamani. Mjomba alikubali kwa sharti kwamba hayatatoka nyumbani kwake.

"Na nani atayaingiza?" mwenyekiti aliuliza.

"Huyuhuyu," mjomba alisema. "Wengine itabidi tuwafundishe kosa lilipo."

Kwa hiyo nakwenda kila siku mchana, akirudi kazini. Siku ya kwanza nilimwambia mlangoni, "Mjomba, nisamehe." Alikuwa anafuta meza kwa kitambaa. Akasema, "Ungeniambia nyumbani kwanza. Hata kama ungechelewa, ungeniambia nyumbani." Akavuta kiti. "Haya, tusome." Mkaza mjomba alisema yake pia, siku ya pili, akiweka vikombe. "Nilimwangalia mume wangu akijishika kichwa wiki tatu. Na wewe ulikuwa hapa, unakunywa chai yangu, unaisifu." Chai ananipa bado. Siisifu.

Anasoma yeye kutoka kwenye daftari, naandika mimi, kisha namsomea nilichoandika, na yeye anafuata kwa kidole. Tarehe, saa, asubuhi au mchana, kiwango. Maneno mengine hatuna. Tumeshamaliza miaka saba.

Jana alinisomea mstari wa mwezi wa tatu wa mwaka wa nane, nikauandika, nikamsomea. "Rudia," alisema. Nikarudia. "Rudia tena." Nikarudia, na ulikuwa sahihi mara zote tatu. Akaweka daftari chini, akazunguka meza, akainama juu ya bega langu mpaka nikasikia harufu ya mbao kwenye shati lake, akaisoma skrini mwenyewe, bila miwani, kwa macho yake yale mazima. "Sawa," alisema. Akarudi kwenye kiti chake, akafungua ukurasa uliofuata.